Herufi za Dhahabu kwenye Majengo ya Kihistoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayeuliza kuhusu maandishi ya dhahabu huanza na dhahabu yenyewe: ni ya kweli, ni nyingi kiasi gani, itaibwa? Ukisoma hadi chini utaona majibu yanakurudisha kwenye ubao, praima (rangi ya kwanza ya msingi) na gundi. Si kukwepa swali. Herufi za nje huharibikia chini ya dhahabu, na ni mara chache sana dhahabu yenyewe kuwa na kosa.

Hiyo ni dhahabu kweli, au ni jina tu?

Ni dhahabu kweli. Mfua dhahabu huigonga kwa nyundo katikati ya tabaka za ngozi laini, ambayo kwa asili ilitokana na utumbo wa ng'ombe, mpaka unene wake ufikie karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hapo ndipo huitwa jani. Majani huuzwa katika vijitabu vya majani 25, na kila jani ni mraba wa milimita 80 hivi. Liinue moja mbele ya taa uone: mwanga unapenya, nao una rangi ya kijani.

Jani zima lina uzito wa miligramu 12 au 13. Kijitabu kizima basi hakifikishi hata nusu gramu. Kuba la Les Invalides mjini Paris, jengo lenye urefu wa mita 107, lilipopakwa dhahabu upya mwaka 1989 lilitumia takriban kilo 12 tu.

Wezi hawataikwangua?

Jina lenye herufi 15 za sentimita 20 hutumia vijitabu viwili au vitatu, yaani chini ya gramu moja ya dhahabu, nayo imegandamana na gundi na rangi. Mwizi atakayepanda ngazi kwa ajili hiyo atashuka na vumbi. Ogopa zaidi mtu wa kusafisha madirisha aliyeegemeza ngazi yake kwenye kibao.

Kwa nini tusipake rangi ya dhahabu ya kopo?

Rangi ya kopo ya kawaida ni unga wa shaba na zinki uliochanganywa na vanishi. Siku ya kwanza inapendeza. Baada ya misimu michache ya jua na mvua shaba huingiwa na hewa, ikawa kahawia, na pengine ukijani ukajitokeza pembeni. Zipo rangi za kisasa zisizogeuka hivyo, lakini hubaki rangi: hazirudishi mwanga jinsi dhahabu inavyourudisha. Kibao cha dhahabu halisi husomeka hata jioni, wakati herufi nyeupe zilizo pembeni zimeshafifia. Kwa jengo lililojengwa likiwa na dhahabu, hiyo si tofauti ndogo.

Jihadhari pia na majani bandia ya shaba na zinki. Huja makubwa zaidi, mara nyingi milimita 140 kwa 140, na unaweza kulishika jani kwa vidole bila kuliharibu. Jani la dhahabu halisi ukiligusa kwa kidole kikavu linararuka na kukubakia kidoleni. Majani bandia yanafaa ndani ya nyumba yakifunikwa kwa vanishi. Nje, hapana.

Tuchague karati ngapi?

Kwa nje, 23 kwenda juu. Dhahabu ya karati 23.5 ina karibu asilimia 98 ya dhahabu, na kiasi kidogo cha fedha na shaba kilichobaki hakitoshi kuleta weusi. Ukishuka hadi karati 18 au 12, fedha inakuwa nyingi na hewa itaipiga. Watengenezaji wengine huuza majani mazito kidogo kwa ajili ya kazi za nje. Bei yake hupanda kidogo tu, nasi huyapendekeza karibu kila mara, hasa kwa herufi zilizochongwa, kwa kuwa jani jepesi hupasuka linaposukumwa ndani ya mfereji.

Kuna herufi za zamani, zimechakaa. Tuzifute tuandike upya?

Ngojeni kwanza. Hili ndilo swali ambalo huletwa likiwa limechelewa, mchanga na msasa vikiwa vimekwisha kupita.

Jengo likiwa kwenye orodha ya urithi, kibali cha mamlaka husika kinatangulia hata ngazi. Kibali kikiwapo, kazi ya kwanza ni kutazama. Tazameni maandishi wakati jua liko chini upande mmoja, au usiku kwa tochi iliyolazwa karibu sambamba na ubao. Dhahabu na gundi yake huikinga mbao iliyo chini, huku mbao inayoizunguka ikiliwa na hali ya hewa. Ndiyo maana kwenye vibao vingi vya zamani herufi bado zimeinuka kidogo, hata mahali ambapo hakuna tone la dhahabu lililosalia. Mwanga wa pembeni huonyesha jina zima, na wakati mwingine huonyesha jina la mwenye jengo wa kabla yake.

Pigeni picha, kisha nakilini herufi moja baada ya nyingine kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga. Pimeni nafasi kati ya herufi pia, maana huko ndiko mkono wa fundi wa kwanza ulikojificha.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi wa majengo huufuata, unasema kazi ya kurejesha ikome pale kubahatisha kunapoanza. Kwa maandishi hii ina maana iliyo wazi. Herufi nne zikionekana na ya tano haionekani, lakini kuna nyaraka au picha ya zamani inayoionyesha, endeleeni. Ikiwa hakuna ushahidi, msibuni neno zima kwa sababu tu linaelekea kuwa lilikuwapo.

Baada ya hapo kuna njia tatu: kuacha kama ilivyo na kuzuia uharibifu usiendelee, kujaza mapengo tu, au kutengeneza kibao kipya kwa nakala mliyochukua, cha zamani kikahifadhiwa ndani. Maoni yetu ni kwamba ikiwa nusu ya dhahabu bado imeshika, kuandika juu yake upya ni hasara. Kibao kipya kinaweza kutengenezwa wakati wowote, lakini cha zamani kikishakwanguliwa kimekwenda.

Na tafadhali msiisahihishe kazi ya zamani. S ikiwa imelala kidogo kuliko S nyingine, inakiliwe ikiwa imelala. Tumewahi kuletewa mchoro ambao kompyuta imeunyoosha kila herufi kwa mtindo wa maandishi uliofanana kidogo na ule wa zamani. Ulikuwa nadhifu, na haukuwa wa jengo lile.

Kazi yenyewe hufanyikaje?

Tuseme ni ubao wa mbao ulio juu ya mlango.

Ubao husafishwa, nyufa huzibwa, hupigwa praima, kisha rangi ya chini, kisha rangi ya mafuta inayong'aa, mikono miwili (yaani tabaka mbili) au zaidi, na msasa laini kati ya mkono na mkono. Halafu unaachwa. Rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole na bado ikainasa dhahabu, kwa hiyo wiki kadhaa za kusubiri si anasa.

Mchoro hutayarishwa kwa ukubwa kamili kwenye karatasi. Mistari yake hutobolewa vitundu vidogo kwa gurudumu lenye meno, karatasi hubandikwa ubaoni kwa kufuata pimamaji, kisha mfuko wa kitambaa wenye unga wa chaki au wa mkaa hugongwagongwa juu yake. Ukiiondoa karatasi, herufi zimebaki ubaoni kwa nukta.

Kabla ya gundi, eneo lote hupakwa unga wa chaki na kupanguswa, au hupitishwa ute wa yai uliochanganywa na maji mengi. Lengo ni kuondoa mnato wowote wa rangi ili dhahabu ishike kwenye herufi peke yake. Ute una faida ya ziada: mwishoni huoshwa kwa maji, nao huondoka na vipande vyote vya dhahabu vilivyopotea njia.

Gundi ni ya mafuta ya kitani yaliyotayarishwa kwa kazi hii. Huchanganywa na rangi kidogo ya njano ili fundi aone alipopaka, maana gundi tupu juu ya rangi inayong'aa haionekani. Hupakwa nyembamba kwa brashi ndefu ya manyoya laini, mkono ukiegemea fimbo yenye kichwa cha ngozi. Hapa ndipo herufi inapoandikwa kweli. Dhahabu haisamehi: ukingo wa gundi ukiyumba, dhahabu itayumba vilevile, na itang'aa ikiyumba.

Kisha ni kusubiri, na kupima. Kunja kidole, uguse gundi kwa mgongo wa kiungo. Ikiacha unyevu kwenye ngozi, bado: dhahabu itazama na kupoteza mng'ao. Isipokushika kabisa, umechelewa. Inapokuwa tayari, ngozi hushikwa kidogo, kisha huachiliwa kwa mlio mdogo mkavu, "tk", na kidole kikatoka safi. Mlio huo ukishausikia mara moja huuhitaji tena kuelezwa.

Ndani ya nyumba jani hubebwa likiwa huru kwa brashi pana ya manyoya ya kindi. Nje, upepo hauruhusu. Tunatumia majani yaliyogandamizwa kwenye karatasi laini. Unalaza, unasugua mgongo wa karatasi kwa kidole, unaiinua, dhahabu inabaki. Kila jani hupanda juu ya mwenzake milimita chache. Unaanzia pale ulipoanzia gundi, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kukauka. Mwisho, pamba hupitishwa kwa wepesi, mapengo hujazwa kwa vipande vilivyobaki, na ubao huoshwa siku inayofuata.

Gundi inayokuwa tayari baada ya saa 3, au baada ya saa 12?

Ya saa 12, hali ya hewa ikiruhusu. Gundi inayokauka polepole hujinyoosha yenyewe, alama za brashi hutoweka na dhahabu hung'aa zaidi. Pia hukupa muda mrefu wa kulaza majani kabla haijafunga. Kasoro yake ni kwamba usiku mzima inanasa vumbi, wadudu na umande. Palipo na barabara yenye magari mengi, au pasipo na hema la kuzungushia jukwaa, ya saa 3 ni busara. Saa hizo zenyewe ni makadirio tu: joto na upepo huiwahisha gundi, baridi na unyevu huichelewesha. Kidole ndicho saa.

Gundi za maji tunaziachia mapambo ya ndani.

Jiwe, chuma, plasta na kioo je?

Kila kimoja kina ugomvi wake.

Jiwe hunywa maji na kuyatoa. Ukilifunga kwa rangi isiyopumua huku nyuma yake kuna unyevu, chumvi zitaisukuma dhahabu nje. Chanzo cha unyevu kitafutwe kwanza: mfereji wa paa uliopasuka, au saruji iliyozibwa mahali palipokuwa na chokaa. Herufi zilizochongwa kwa umbo la V ndizo zinazolipa zaidi kwa dhahabu, kwa sababu upande mmoja wa mfereji hupata mwanga wakati mwingine uko kivulini, na sura hubadilika kadiri jua linavyozunguka. Mfereji peke yake ndio hupigwa praima. Uso wa jiwe usiguswe.

Chuma ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani. Dhahabu ikikutana na chuma kitupu penye maji, chuma ndicho huliwa, na haraka kuliko kama kusingekuwa na dhahabu. Kitundu kimoja kwenye praima kinatosha kuanzisha kutu. Kwa hiyo kutu yote iondolewe, praima ya kuzuia kutu ipakwe kwa ukamilifu, na ndipo dhahabu ifikiriwe. Shaba ni tulivu zaidi: mwali mpya wa mwenge wa Sanamu ya Uhuru mjini New York, uliowekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986, ni wa shaba iliyofunikwa majani ya dhahabu ya karati 24.

Plasta mpya ya chokaa au saruji bado ina ukali wa kemikali unaogeuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Iachwe ikomae.

Kioo ni kazi nyingine kabisa. Dhahabu hulazwa upande wa ndani, herufi zikiandikwa kinyumenyume, na gundi yake ni jelatini kidogo iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Jani huruka lenyewe kutoka kwenye brashi na kulala juu ya maji, na yakikauka unapata kioo cha dhahabu. Kisha herufi hupakwa rangi mgongoni na dhahabu iliyozidi huoshwa. Mvua haiifikii, ndiyo maana namba za zamani juu ya milango hudumu. Zikibanduka, mara nyingi ni kwa sababu ya unyevu wa ndani au mtu aliyesugua kioo kwa sabuni kali.

Tutumie mtindo gani wa herufi, na ukubwa gani?

Kama jengo lina maandishi yake ya asili, jibu liko ukutani. Kama hayapo, herufi kubwa za Kirumi hazijawahi kumwaibisha mtu. Maandishi kwenye nguzo ya Trajan mjini Roma, ya mwaka 113, bado ndiyo kipimo cha mafundi wengi.

Kwa ukubwa, mafundi wana kanuni ya sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Ni mahali pa kuanzia. Bandikeni karatasi yenye herufi moja au mbili juu, mvuke barabara, mtazame. Herufi za mviringo kama O na S lazima zivuke kidogo mstari wa juu na wa chini, la sivyo zitaonekana fupi. Nafasi hupangwa kwa jicho. Ukizipima kwa rula, A na V zitaachana na H mbili zitabanana.

Ukingo wa rangi kuzunguka herufi si pambo tu. Hufunika mwisho wa jani, mahali maji yanapopenda kuingilia. Kivuli cha rangi kwa desturi huangukia kushoto na chini, kwa sababu herufi nyingi zimenyooka upande wa kushoto na zina mikunjo kulia, hivyo kivuli huwa na vipande vichache na herufi hubaki wazi. Majengo mengine yalikuwa na uwanja wa unga wa kioo cha buluu ulionyunyizwa juu ya rangi mbichi kuzunguka herufi. Mkikuta chembe zinazometa kama mchanga kwenye kibao chenu, msizisugue. Zionyesheni kwa mhifadhi.

Tuikinge kwa vanishi?

Hapana. Dhahabu haihitaji kukingwa na hewa, na vanishi huipunguzia mng'ao tangu siku ya kwanza. Jua huigeuza njano, kisha huipasua, na inapobanduka huondoka na dhahabu. Isipokuwa mahali panapofikiwa na mikono ya watu, kama kibao cha kimo cha bega kando ya mlango. Hapo hasara ya vanishi ni ndogo kuliko ya vidole.

Itadumu miaka mingapi?

Kazi nzuri juu ya msingi mzuri, miaka 20 hadi 30. Penye kivuli cha paa, zaidi. Penye upepo wa bahari unaobeba chumvi na mchanga, pungufu, kwani mchanga husugua. Anayekuahidi muda bila kuuliza kibao kinaelekea jua upande gani hajakielewa anachokiuza.

Tuisafishe vipi?

Maji safi na sifongo laini, bila kusugua, mara moja moja. Hakuna dawa ya kung'arishia shaba, hakuna mashine ya maji ya kasi, hakuna kitambaa kikavu juu ya vumbi. Kinyesi cha ndege kiloweshwe mpaka kilainike chenyewe.

Kwa nini ni ghali kama dhahabu ni kidogo hivyo?

Kwa sababu mnalipia siku, na nyingi kati ya siku hizo hakuna dhahabu inayoonekana: jukwaa, kukwangua, praima, msasa, kusubiri, mchoro. Mkipokea makadirio mawili na moja likiwa la chini sana, msilinganishe mstari wa dhahabu. Tazameni imeandikwa mikono mingapi ya rangi chini yake, na ni siku ngapi za kukauka. Mara nyingi tofauti iko hapo.

Naweza kufanya mwenyewe?

Namba ya mlango juu ya ubao mpya, jaribu; ni furaha. Jina la jengo la kihistoria, usijifunzie hapo.

Mambo mawili yasichukuliwe kwa wepesi. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu wala kuchoma rangi kwa moto kabla haijapimwa. Vumbi la risasi ni sumu, na kwa watoto zaidi. La pili: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au viwekwe kwenye chombo cha chuma chenye maji na kifuniko.

Herufi moja imeharibiwa na ngazi. Lazima zote zirudiwe?

Hapana. Herufi hiyo hutengenezwa peke yake, kuanzia praima. Kwa muda itaonekana mpya kuliko wenzake, na rangi ya dhahabu inaweza kutofautiana kidogo, maana mfua dhahabu mmoja na mwingine hawachanganyi fedha na shaba kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana kazi inapokwisha mwombeni fundi awaachie kijitabu kimoja cha majani yaleyale, jina la mtengenezaji na karati yake, pamoja na karatasi iliyotobolewa. Vihifadhiwe pakavu, kwenye jalada la jengo, mahali ambapo mtunzaji ajaye atavikuta.